Hadithi ya kanisa lililouzwa jiwe jiwe, na viazi karai vilivyopoa

Mie si mtu wa kuandika maoni ya mikahawa, nikila nikishiba huosha mkono nikaondoka, lakini hii ya Alhamisi iliyopita imenikaa kichwani, na watu wangu hapa Mombasa kila siku wananipigia simu kuuliza kile kikao cha hadithi juu ya paa Mji wa Kale kinafaa au ni kutupa pesa, kwa hivyo naandika mara moja niwe nimemaliza. Jina la mahali silitaji, maanake kuna mambo ntayasema hayapendezi na wenyewe ni watu wema, mwenye kupajua atapajua.

Ni mkahawa mdogo ndani ya nyumba ya zamani, zile ngazi za mawe zilizolika katikati kwa kukanyagwa, wapanda mpaka juu darini upepo wa bahari wakupiga usoni. Mara moja kwa mwezi baada ya Maghrib hutandika mikeka, viti vya plastiki kwa wenye magoti mabovu, shuka jeupe ukutani na projekta, na kijana mmoja anayetembeza watalii, Kifaransa anakimwaga kama maji, husimulia habari za mahali pamoja pa kale duniani. Kiingilio 800. Mwezi huu ilikuwa gofu la Ufaransa, abasia ya Cluny, yaani makao ya watawa wa Kikatoliki, kule mkoa wa Bourgogne. Nikasema, watu wa Mji wa Kale na watawa wa Ufaransa wapi na wapi? Lakini nlikuwa nimeshalipa kwa M-Pesa na hawarudishi.

Nlikwenda na Mjomba. Huyu ni ndugu yake mama, fundi mwashi, miaka arobaini na kitu mikononi mwake ni chokaa na matumbawe, ukimpeleka harusini yeye haangalii bibi harusi anaangalia ukuta kama umesimama sawa na timazi. Nlimwambia tu, Mjomba kuna habari za jengo kubwa la mawe, akavaa kofia.

Nianze na chakula niondoshe njiani. Kahawa tungu ilikuwa kahawa tungu kweli, tangawizi yake yakwaruza koo, hapo sina neno. Viazi karai vilikuja vimepoa, ule unga wa juu umeshakuwa kama mpira, na ukwaju wenyewe ulikuwa maji yaliyopita karibu na ukwaju. Mahamri tuliambiwa yapo, kisha tukaambiwa yaja, kisha yakaja manne kwa meza ya watu sita. Chupa ndogo ya maji shilingi 100, na hili wasikuambie mlangoni, walitaja wakati wa kutoka. Mhudumu alikuwa mmoja kwa watu kama arobaini, masikini ya Mungu alikuwa akikimbia mpaka jasho lamtoka, yeye simlaumu, aliyempanga peke yake ndo namlaumu.

Sasa hadithi.

Kijana alianza vibaya, wacha niseme ukweli. Dakika kumi za mwanzo alikuwa asoma tu yaliyoandikwa kwenye shuka, abate fulani, yaani mkubwa wa watawa, akafuatiwa na abate fulani, majina matupu, watoto nyuma wakaanza kurushiana kokwa za tende. Kilichomuokoa ni mbwa. Alisema inasemekana mwaka 910 hivi Guillaume, mtawala wa Aquitaine, alitaka kutoa ardhi watawa wajenge, akamwambia mkubwa wao Bernon achague popote apendapo. Bernon akachagua Cluny. Mtawala akashtuka, Cluny ndiko alikokuwa akienda kuwinda, mbwa wake wa kuwinda wako huko. Bernon akamuuliza, siku ya hesabu mbele ya Mungu kitakachokufaa ni kipi, mbwa au watawa? Watu wakacheka, na tangu hapo kijana akaacha kusoma akaanza kusimulia.

Hati yenyewe ya kutoa ile ardhi ndo iliyofanya watu wakae sawa. Guillaume aliandika kwamba pale mahali si pake tena, wala si pa watoto wake, wala mfalme wala askofu wa karibu asitie mkono, pamewekwa chini ya mitume Petro na Paulo na mlinzi wake ni Papa wa Roma. Papa mwenyewe yuko mbali, kwa hivyo ukiangalia sana walikuwa hawana bosi. Mzee mmoja mbele yetu akasema kwa sauti, "Si hii ndo wakfu?" Kijana akasimama kidogo akafikiri, akasema ndio mzee, inakaribia sana. Na hapo hapo nusu ya watu wakaelewa jambo ambalo slaidi ishirini hazingewaelewesha, maanake nani hapa mjini hajui kesi za ardhi ya wakfu, jinsi kila mtu aitolea macho.

Walivyokuwa hawana wa kuwasumbua, wakakua. Na walikuwa na bahati ya viongozi wenye umri mrefu. Odilon alishika mwaka 994 mpaka 1049, akafuata Hugues mpaka 1109, yaani watu wawili miaka 115! Sisi hapa tunabadilisha kamati ya msikiti kila baada ya ugomvi. Zikawa nyumba zaidi ya elfu moja Ulaya nzima zinazoitazama Cluny kama mama yao.

Kuna kisa nlikipenda kuliko vyote, na kijana alikisimulia vizuri mno, cha abate Mayeul, huyu alikuwa kabla ya hao wawili. Mwaka 972 alikuwa arudi kutoka Italia, akipita milima ya Alps, akatekwa na Waislamu waliokuwa na ngome yao Fraxinet, huko kusini mwa Ufaransa ya leo. Wenzake wakatakiwa kikombozi, ratili elfu moja za fedha, na Cluny ikalipa. Lakini mtawa mmoja aliyeandika miaka ya baadaye anasimulia kwamba walipompa Mayeul nyama na mkate wao mgumu, akasema hiki si chakula nilichozoea. Basi mmoja wa wale watekaji akakunja mikono ya nguo, akanawa, akachukua ngao yake akaigeuza, akakanda unga juu yake, akamwokea mkate, akampelekea kwa heshima. Na mwingine alipokanyaga kitabu cha Biblia cha yule abate, akachonga kijiti mguu uko juu ya kitabu, wenzake wenyewe ndo waliomkaripia, wakamwambia maneno ya manabii hayakanyagwi. Sasa fikiria kisa hiki kinaandikwa na mtawa wa Kikristo, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuwasifu. Mie nlikuwa nshaanza kuona njaa, nikawaza mkate umekandwa kwenye ngao ya vita na sisi mahamri manne kwa watu sita.

Na hapo kijana akaingiza la kula. Alisema watawa wa Cluny walikuwa wakinyamaza sehemu kubwa ya siku, mezani hasa, kwa hivyo walikuwa na lugha yao ya mikono. Mkate, waunganisha vidole gumba viwili na vidole vya shahada viwili wafanya duara. Samaki, wapeleka kiganja kama mkia wa samaki majini. Mjomba papo hapo akamwinulia mhudumu ile duara ya mkate kutoka mwisho wa paa. Mhudumu akaelewa! Akaja na mahamri mawili zaidi, sijui aliyatoa wapi, na ile ndo ilikuwa huduma ya haraka kuliko zote usiku ule.

Halafu tukafika kwenye jengo, na Mjomba akasogeza kiti mbele.

Wakati wa Hugues watawa walikuwa wamejaa, kama 300, kanisa la zamani haliwatoshi. Inasimuliwa kuna mtawa mzee mgonjwa, Gunzo, aliota usiku akamwona mtume Petro ameshika kamba, anazinyoosha ardhini, ampimia urefu na upana wa kanisa jipya, amwambia nenda ukamwambie abate wako. Mjomba akanigusa na kiwiko: "Kamba. Waona? Jengo laanza na kamba." Mwaka 1088 wakaanza kujenga. Urefu wake ukiweka na ukumbi wa mbele ulifika mita 187. Hilo likawa kanisa kubwa kuliko yote ya Kikristo mpaka Warumi walipojenga lile la Mtakatifu Petro la sasa, miaka mia nne na kitu baadaye. Njia tano ndani zimetengwa na safu za nguzo, minara juu, dari ya mawe iko juu kama mita 30, yaani chukua jengo la ghorofa kumi ulitoe sakafu zote. Mwaka 1125 kipande cha dari kikaporomoka wakarudia, na Mjomba akatikisa kichwa kama aliyekuwepo, "Hawakuiacha chokaa ikauke, watu wana haraka." Mwaka 1130 Papa Inosenti II akalizindua rasmi.

Mjomba pia aliona kwenye picha matao yenye ncha, akamwuliza kijana mbona yale matao ni kama la mlango wa kasri kule magofu ya Gede? Kijana akamwambia mzee umeona vizuri, wenzetu wa Ulaya walikuwa wamezoea tao la mviringo, na pale Cluny matao ya ncha waliyatumia mapema kuliko wengi, na wapo wataalamu wanaosema mkono wa Waislamu umo. Mjomba akakaa kitako vizuri. Alifurahi kama amelipwa.

Na pesa ya kujengea ilitoka wapi? Hapa ndo nlitoa simu nikaanza kuandika. Wafalme wa León na Castile, huko Uhispania, walikuwa wakitoza falme ndogo ndogo za Waislamu wa Andalusi ili wasizipige vita, dhahabu yalipwa kila mwaka. Mfalme Ferdinand akaahidi Cluny dinari elfu moja za dhahabu kila mwaka, mwanawe Alfonso VI mwaka 1077 akazifanya elfu mbili. Yaani sehemu nzuri ya lile kanisa ilisimama kwa dinari za Waislamu! Mwaka 1086 Almoravid, watawala wa Kiislamu, wakavuka kutoka Moroko wakampiga Alfonso, ile mirija ya dhahabu ikaanza kukauka, na jengo lenyewe hata halijaanza. Na ukitaka kushangaa zaidi, aliyekuja kubariki madhabahu kuu mwezi wa Oktoba 1095 ni Papa Urbano II, ambaye mwenyewe alikuwa mtawa wa Cluny zamani, na mwezi uliofuata akasimama Clermont akawaita watu kwenda vita vya msalaba. Paa lote likanyamaza.

Ikaadhiniwa Isha. Mapumziko, wanaoswali wakashuka. Tuliporudi, stima ikakatika. Si ya mji mzima, ni ya kwao tu, tokeni zimeisha! Nyumba imeuza tiketi 800 kwa watu arobaini na tokeni za stima zimeisha katikati ya shoo, walahi sijui niseme nini. Tukakaa gizani kama robo saa, mwenye mkahawa anahangaika na simu ya nambari ishirini za tokeni, anaziingiza, mita inakataa, anazirudia. Lakini kusema kweli ile robo saa ndo ilikuwa tamu kupita zote, maanake kijana hakuwa na slaidi, akawa hana budi kusimulia kwa mdomo.

Akasimulia habari za Pierre le Vénérable, yaani Pierre Mheshimiwa, abate wa baadaye. Mwaka 1142 alikwenda Uhispania, akakuta watu wanaojua Kiarabu, akawalipa wamfasirie Qur'ani nzima kwa Kilatini. Aliyeifasiri ni Mwingereza, Robert wa Ketton, akaimaliza 1143, na ilikuwa mara ya kwanza Qur'ani nzima kuingia katika lugha hiyo. Na kwenye ile timu alikuwemo Mwislamu mmoja, jina lake limeandikwa Muhammad tu, basi, hakuna zaidi. Ustadh mmoja upande wa kulia akauliza lengo lilikuwa nini. Kijana hakuzunguka, akasema lengo lilikuwa kuujibu Uislamu, na kichwa walichokipa ile tafsiri kilikuwa cha kumtusi Mtume. Watu wakanguruma. Ustadh akauliza tena, sasa ilikuwa tafsiri nzuri? Kijana akasema ilikuwa ya kupanua panua maneno, si neno kwa neno, lakini ilisomwa miaka mingi mpaka ikachapishwa Basel mwaka 1543, miaka mia nne kamili. Ustadh akasema, "Kwa hivyo waliotaka kuipinga ndio walioisambaza." Giza, upepo, mtu akohoa. Nikasema moyoni, hii peke yake ni mia nane.

Stima ikarudi, na shuka likaonyesha picha moja iliyomfanya Mjomba asimame.

Kwanza niseme kilichotangulia, kijana alikipitia mbio na mie ntakipitia mbio. Baada ya kina Pierre nguvu ikashuka pole pole, mwaka 1562 wakati wa vita vya dini Waprotestanti wakaingia wakapora maktaba, kisha uabate ukawa cheo cha wakubwa wa serikali, Richelieu na Mazarin wote walikuwa maabate wa Cluny bila kukaa huko. Miaka ya 1700 watawa wenyewe wakavunja majengo yao ya kale ya kuishi wakajenga ya kisasa, na hapo Mjomba akasema "Eeh, hao ni kama sisi." Mapinduzi ya Ufaransa yakaja, 1790 mashirika ya watawa yakavunjwa. Hapa ndo lawama yangu kwa kijana, Mapinduzi aliyapa dakika mbili, wakati nusu ya watu hawakujua ni mapinduzi gani na kwa nini watu walichukia makanisa, mwanamke mmoja kando yangu alidhani ni vita vya Hitler.

Sasa picha. Upande mmoja mchoro wa zamani wa lile kanisa zima, minara, ukuta, paa. Upande wa pili picha ya leo: mkono mmoja tu wa kanisa, wa kulia, umesimama na mnara wa pembe nane juu yake, kwingine ni barabara, majani, nyumba na zizi la farasi. Mjomba akasimama akauliza kwa sauti ya kazini, "Mawe yako wapi?"

Kijana akasema, mzee, nlikuwa nasubiri mtu aulize.

Hakuna vita vilivyolibomoa. Halikuanguka kwa uzee wala kwa tetemeko. Mwaka 1798 serikali ililiuza kwa wafanyabiashara wa mji wa jirani, Mâcon, na wao hawakununua kanisa, walinunua mawe. Wakalifanya timbo. Wakapasua barabara katikati ya lile kanisa, kukawa na njia ya kupita mikokoteni pale walipokuwa wakiimba. Lango kubwa la mbele lililochongwa sanamu, mwaka 1810 wakalilipua kwa baruti. Mpaka 1823 walikuwa bado wanabomoa na kuuza, jiwe jiwe, kwa mwenye kujenga nyumba, kwa mwenye kujenga ukuta. Serikali ya Napoleon nayo ikajenga zizi la farasi wa taifa juu ya sehemu ya kanisa, kwa mawe yale yale. Walipokuja kustuka pawe kumbukumbu, kilichobaki ni kama sehemu moja kwa kumi.

Mjomba hakukaa. Akauliza waliyabomoaje, kutoka juu au kutoka chini? Waliyauza kwa mkokoteni au kwa uzito? Jiwe lililochongwa liliuzwa bei moja na jiwe la kawaida? Kijana mengine akayajua mengine akasema mzee hilo sina jibu lake, na nlimpenda kwa hilo, hakubuni. Aliyoyajua ni kwamba vichwa vya nguzo za pale mbele madhabahuni, vilivyochongwa watu wanaopiga ala na miti ya peponi, viliokolewa vikawekwa, na leo viko kwenye ghala la zamani la unga la watawa, paa la mbao kama jahazi lililopinduliwa. Akaonyesha picha. Mjomba akaenda mpaka kwenye shuka akaweka kidole juu ya sanamu, kivuli cha mkono wake kikafunika nusu ya Ufaransa.

Halafu akageuka akatuambia sote, bila kuulizwa. Miaka mingi iliyopita aliitwa kuvunja nyumba moja Kibokoni, ya ghorofa mbili, mwenyewe ataka kujenga ya saruji apangishe. Akavunja yeye na vijana wake wawili, siku kumi na nne. Boriti za mkoko zikaenda kuni kwa muoka mikate. Mlango wa kuchongwa ukauzwa kabla hata paa halijashuka, ukapakiwa usiku. Mawe yakaenda kujaza msingi wa nyumba nyingine. "Na mie nlilipwa vizuri," akasema, "nkanunua baiskeli." Kipande cha kizingiti cha juu, kilichochongwa maua ya yungiyungi, alikichukua yeye, na hapo ndo nlielewa kile kibao anachokalia uani kwake tangu nikiwa mtoto, nshakikalia mara ngapi nikila embe, ni cha nini. Akarudi kitini. Hakuna aliyepiga makofi wala aliyemlaumu, mhudumu akamletea kahawa bila kuomba na haikuwekwa kwenye bili.

Baada ya hapo kijana alimalizia na Mmarekani mmoja, Kenneth Conant, ambaye kuanzia 1928 mpaka 1950 alikuwa akichimba pale Cluny kutafuta misingi chini ya barabara na bustani, apate kuchora lile kanisa lilikuwaje. Akalinganisha na kwetu, James Kirkman alianza kuchimba Gede 1948, kwa hivyo kuna miaka miwili watu wawili walikuwa wamepiga magoti kwenye udongo, mmoja Ufaransa mmoja Pwani, kila mmoja afuata ukuta usioonekana. Hii nlipenda, ingawa alitakiwa aiseme mapema wakati watu hawajaanza kutafuta viatu vyao.

Kwa hivyo maoni yangu. Hadithi naipa nyota tano, na kama angeacha kusoma slaidi tangu mwanzo ningempa sita. Chakula mbili, zote mbili ni za kahawa. Huduma tatu kwa ajili ya yule mhudumu. Mwenye mkahawa anunue tokeni za mwezi mzima na atundike bei ya maji mlangoni. Ukienda, kula nyumbani kwanza, chukua leso au shali upepo wa juu una baridi ya udanganyifu, na keti upande wa kushoto, kulia kuna nguzo yaziba shuka. Mwenye kupanda ngazi kwa shida ajue hakuna pa kushika. Tuktuk zinakuwa tabu kupata saa tatu unusu, toka kwa miguu mpaka barabara kubwa.

Jumamosi baada ya Alfajiri Mjomba akanigongea. Ana kamba ya kazi, ya mita ishirini, na kipande cha chokaa mfukoni. Nkamwuliza kulikoni, akasema "mara tisa na mita saba." Tukaenda mpaka Fort Jesus, pale uwanjani penye kuingia Ndia Kuu, akaniambia mlango wa kanisa uko hapa, akaweka alama. Tukaanza kuipima njia, yeye ashika mbele mie nyuma, kila mita ishirini chokaa chini, muuza madafu anatuangalia, paka wanatuangalia, mara tukadhaniwa watu wa kaunti tumekuja kuvunja vibanda, mama mmoja wa sambusa akafungasha. Mara tano, mara sita. Njia inapinda. Mara tisa, na zile saba akazipima kwa hatua. Akasimama, akaniambia rudi mlangoni.

Nkarudi mpaka Fort Jesus. Simu ikalia.

"Waniona?"

"Sikuoni, Mjomba."

"Mie niko madhabahuni," akasema. "Ngoja hapo hapo, nakuja na chai."